Neno la Mchungaji: Mfalme Aketi Kwanza



Tunamshukuru Mungu aliyetulinda sote, kuanzia Kawale hadi Lisungwi, katika mwezi ambao chakula kilipungua na malaria ilizunguka nyumba nyingi.

Somo letu ni Luka 14:28-32. Fungueni Biblia zenu mlisome kabla ya kuendelea. Ni pale Bwana anaposema habari za mtu anayejenga mnara, kisha za mfalme mwenye askari elfu kumi anayejiliwa na mwenye elfu ishirini. Tumelichagua kwa ajili ya watoto wetu tisa wa Shule ya Jumapili, ambao Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu watakwenda Lilongwe kucheza mashindano yao ya kwanza ya sataranji, mchezo ambao wengi wenu mnauita chess.

Kwanza tuungame. Mbao za mchezo huu zilipoletwa kanisani, sisi ndio tuliozifungia stoo. Tulidhani ni ndugu ya karata, na karata tunajua zinaishia wapi. Mzee mmoja alituuliza ni andiko gani linalokataza, na pamoja na miaka yetu yote ya chuo cha Biblia hatukuwa na la kumjibu. Tukazitoa. Siku moja tukawakuta watoto wawili, Mrundi na Mkongomani, wamecheza saa nzima bila neno. Aliyeshindwa alimpa mwenzake mkono, akaanza kupanga kete upya. Sisi tunaoijua foleni ya bomba la maji hapa kambini tulisimama tukatazama kwa muda mrefu.

(Kuna kete inayokwenda mshazari. Waliojifunza kwa Kiingereza huiita askofu. Waliojifunza kwa Kifaransa huiita kichaa. Wachungaji, tusiulizane ni nani aliye sahihi.)

Sasa turudi kwa Luka. Yule mfalme wa Yesu hakukimbia, wala hakurukia vitani akisema Mungu anajua. Aliketi kwanza. Wapendwa, jambo hili ni gumu kwetu kuliko kwa watu wengine. Tulitoka makwetu usiku bila kuhesabu kitu. Aliyesimama kuhesabu hakufika. Basi tumezoea hivyo hata leo: tunangoja mgao, tunangoja usaili, tunangoja jina ubaoni, na mtu akituuliza mpango wetu wa mwakani tunasema tutaona. Hiyo tunaiita imani. Lakini Danieli na wenzake, waliochukuliwa mateka kama sisi, walisoma miaka mitatu katika nchi ya ugeni kabla ya kusimama mbele ya mfalme. Someni Danieli 1. Mungu aliwapa maarifa, nao walikaa darasani.

Watoto wetu wamefanya mazoezi miezi minne. Kilichowatesa zaidi ni saa. Hapa nyumbani walicheza kwa starehe, mtu akafikiri hadi ugali ukapoa. Kule kila mchezaji atapewa dakika 15 kwa mchezo wote, na zikiisha ameshindwa hata kama kete zake ni nyingi. Saa inabonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Tuliazima saa moja tu, wakapokezana. Kisha kuna sheria ya kugusa: kete yako uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, hiyo ndiyo utakayoicheza, hata ukijuta. Binti mmoja alilia kwa sheria hii wiki nzima. Sasa anakalia mikono yake mpaka amalize kufikiri.

Wazazi kadhaa wamekuja kwetu na hofu, nasi hatuwalaumu. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, kuna ndugu katika kanisa hili walioacha maduka yao Lilongwe na kurudi na mfuko mmoja. Mama aliyeyaona hayo akisikia mwanawe anakwenda Lilongwe, moyo unashtuka. Basi tumepeleka majina yote ofisini, na barua za ruhusa zimetoka. Fedha ya minibasi imetoka kwa akina mama waliouza mandasi, Mungu awabariki, na kwa wazee wanne.

Lipo jambo moja lililotusumbua kuliko nauli, nasi tunaliandika kwa ruhusa ya familia.

Mchezaji wetu hodari ni kijana ambaye karatasi yake inasema ana miaka 15. Imeandikwa tarehe 1 Januari, kama karatasi za wengi wetu. Tukisherehekea siku za kuzaliwa kwa kufuata karatasi, Dzaleka yote italala na keki siku ya Mwaka Mpya. Karani aliulizwa, akakadiria, akaandika. Lakini mama yake anajua alimzaa lini: ni siku zile watu walipokuwa wakikimbia Rutshuru, mwaka 2008. Kijana ana miaka 17. Kwa karatasi angecheza na walio chini ya miaka 16, na sote tunaamini angerudi na kikombe.

Mwalimu wao alitujia akasema, "Mchungaji, karatasi ndiyo inayosema. Sisi hatukuiandika." Ni kweli. Na mama aliogopa kwamba tukisema neno, faili la familia litaguswa, na hapa kila mtu anajua faili lililoguswa hukaa miaka. Tuliomba siku tatu. Tuseme wazi kwamba siku ya kwanza hatukuomba sana, tulitafuta sababu ya kukubali. Paulo anamwambia Timotheo (2 Timotheo 2:5) kwamba mshindani hapati taji asiposhindana kwa halali. Tulijiambia kuwa halali ni karatasi. Lakini karatasi haikumzaa mtu.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nikishinda pale nitakuwa nimemshinda mtoto, na mama atajua." Tukampeleka kundi la wazi, pamoja na watu wazima, ambako hakuna anayeulizwa umri, wala faili la mtu halifunguliwi. Huko atakutana na watu waliocheza miaka ishirini. Ni elfu kumi zake kwa elfu ishirini zao. Tangu siku hiyo anakaa kila jioni na baba mmoja aliyejifunza mchezo huu Bujumbura, na kila akishindwa wanarudia kete kwa kete mpaka waone kosa lilipoanzia. Wala hatuahidi kwamba Mungu atampa kikombe kwa sababu alisema kweli. Huenda akashindwa michezo yote sita.

Ila mashindano haya hayana kufukuzwa. Aliyeshindwa mchezo wa kwanza anapangiwa mwingine mwenye alama zinazolingana na zake, na wote wanacheza hadi mwisho. Wazazi, waelezeni watoto jambo hili, maana wapo wanaodhani wakipoteza mmoja watarudishwa.

Mmetuuliza pia kama mchezo huu umewahi kumfikisha maskini mahali. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto akiwapa uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi mwaka 2010. Na kambini Kakuma, Kenya, shirikisho la dunia la mchezo huu, FIDE, lilianza mradi wa sataranji pamoja na UNHCR mwaka 2021. Basi sisi si wakimbizi wa kwanza kuketi mbele ya ubao.

Ijumaa jioni tutaombea safari kanisani, saa kumi na moja. Jumamosi minibasi itaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wala haitangoja mtu. Kila mtoto aje na sweta, maji na chakula chake cha mchana. Simu zibaki nyumbani, kwa kuwa haziruhusiwi mezani. Na mtoto atakayesahau barua yake ya ruhusa hatapanda gari, hata yule wa mchungaji, ambaye mnamjua kwa kusahau.