SIRI YA MGONJWA NI AMANA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ndugu Waislamu,

Vijana wetu wengi, wavulana kwa wasichana, wanasoma uuguzi katika ITM na ISTM, na wanatumwa hospitalini kufanya staji. Huko wanashika fishi za wagonjwa, wanamsikia daktari akitaja ugonjwa, wanaona mwili wa mtu ambaye kesho watakutana naye sokoni au hapa msikitini. Leo tujiulize: hayo waliyoyaona ni mali ya nani?

Ni mali ya mgonjwa. Muuguzi ameyapokea kama mtu aliyewekewa fedha na jirani anayesafiri. Hana ruhusa ya kuzitumia hata kidogo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamuru kurudisha amana kwa wenyewe. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiri pesa na mashamba. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata mazungumzo ni amana, mtu akikuambia neno huku akigeuka kuangalia nani anasikia. Sembuse mgonjwa, ambaye hakuchagua nani amwone?

Wapo wanaojitetea: "Sikusema uongo, kweli anaumwa." Ndugu, ukweli hauondoi dhambi. Ghiba ni kutaja lililo kweli kwa ndugu yako naye hapendi litajwe. Likiwa si kweli, hapo umemzulia, na ni dhambi nyingine.

Tazameni madhara yake. Mama mmoja amepimwa, amekutwa na virusi vya ukimwi. Dawa zipo, akizinywa kila siku anaweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Lakini neno limetoka kituo cha afya, limefika kwenye bomba la maji kabla yake. Mama huyo haendi tena kuchukua dawa, maana anaona kila macho yanamtazama yeye. Akifa, tutasema ameuawa na ugonjwa, au na ulimi?

Na mtihani mkubwa hautoki kwa wageni, unatoka nyumbani. Mama anamwuliza binti yake: "Nasikia mke wa fulani amelazwa kwenu. Ana nini?" Kumkatalia mzazi ni kazi ngumu. Basi tumkumbuke Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utoto. Siku moja Mtume alimtuma, akachelewa kurudi kwa mama yake, Ummu Sulaym (r.a.). Mama akamwuliza ametumwa nini. Mtoto akajibu kwamba ni siri. Mama hakukasirika, alimwusia asimwambie mtu yeyote. Enyi akina baba na akina mama, sisi tunaouliza ndio tunaowafundisha watoto kuvunja amana. Mtoto akisema, "Mama, tumwombee dua," jibu hilo litutoshe.

Je, hakuna siku ya kusema? Ipo. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 hadi 2020, walifariki watu zaidi ya 2,200. Muuguzi aliyeshuku ugonjwa ule ilimlazimu kutoa habari mara moja kwa wakubwa wa Zoni ya Afya, ili roho za wengine zilindwe. Lakini kumwambia mkuu wa kituo si sawa na kuwaambia watu wa avenyu nzima. Unamwambia anayehusika, unasema kinachohitajika, kisha unanyamaza.

Na mume anayemficha mkewe ugonjwa wa kuambukiza? Hapo ni pagumu, kwa maana mke naye ana haki ya uhai wake. Mwanafunzi asiende kubisha mlango wa mwanamke yule usiku. Alipeleke jambo kwa daktari anayemtibu mume, ili aitwe, ashauriwe, asaidiwe kumwambia mkewe kwa kinywa chake. Wala asiliache jambo hilo lilale.

Sheria ya nchi nayo imesema. Kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu ya Kongo kinampa kifungo cha mwezi 1 hadi 6, au faini, au vyote viwili, mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa ajili ya kazi yake, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria yenyewe imemlazimisha kusema. Lakini mara nyingi maneno ya uchochoroni hayana shahidi ila Mwenyezi Mungu.

Basi enyi wanafunzi: msiwataje wagonjwa ndani ya taksi. Msiache fishi wazi mezani. Msiwapige picha kwa simu. Na sisi tuliobaki, tukienda kumzuru mgonjwa, tumpelekee chakula na dua, tusimpelekee maswali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi ndimi zetu, na atusitiri aibu zetu duniani na Akhera. Amin.

Wassalaamu alaykum.