Sahihi ya Ekseli

Shafti imelazwa juu ya meza ya mbao katika ua wa gereji moja hapa Ngagara, Bujumbura. Imekatika jirani kabisa na beringi. Ukiinamia mahali ilipokatika unaona uso wa mviringo wenye sehemu mbili. Sehemu kubwa ni laini, ina mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yanapokupwa. Sehemu ndogo iliyobaki ina chembechembe kama chumvi ya mawe. Fundi ameweka ukucha kwenye mkwaruzo ulio ukingoni, pale mistari inapoanzia. "Ilianza hapa," anasema. Kisha anausogeza ukucha hadi kwenye chembechembe. "Ikaishia hapa." Kati ya hapa na hapa, kwa kukadiria kwake, imepita miezi sita.

Mwenye gari ni jirani yangu. Ana Hilux ya zamani, hupanda nayo Bugarama kuchukua kabichi na karoti. Mwaka jana ndugu yake aliye Ubelgiji alimletea majarida ya Kifaransa ya magari ya porini, na katika mojawapo mlikuwa na pendekezo la kufunga spesa, yaani vile vipande vya aluminiamu vinavyokaa kati ya habu na rimu na kulisukuma tairi nje, ili gari litanue miguu na lisilalie ubavu mlimani. Akaagiza, akafunga. Gari lilitulia kweli. Mimi mwenyewe niliyekaa naye mbele nililiona hilo kwenye kona za kuteremka. Siku shafti ilipokatika, tairi la nyuma la kushoto lilichomoka pamoja na dramu ya breki, likalitangulia gari barabarani. Alikuwa amekaribia Kamenge, mwendo mdogo, na hakuumia mtu.

"Jarida limenidanganya, mzee," alisema tulipofika gereji.

"Halikukudanganya, mwanangu," fundi akamjibu. "Halikuwa linasema na gari lako."

Jibu hilo limenikaa kichwani, kwa sababu naona lina ukweli mkubwa na kosa kubwa kwa pamoja.

Ukweli wake ni huu. Jarida lilisema spesa hulituliza gari, na spesa zililituliza gari. Lakini ekseli ya nyuma ya Hilux ile ni ya aina ambayo shafti hufanya kazi mbili: inazungusha tairi, na papo hapo inabeba uzito wa gari, maana tairi limefungwa kwenye kichwa cha shafti yenyewe. Kwenye Land Cruiser nyingi za kazi na malori karibu yote, habu hukaa juu ya beringi zake mbili na uzito unaishia hapo; shafti inabaki na kazi ya kuzungusha tu, na hata ikikatika tairi halitoki. Ukilisukuma tairi nje kwa spesa, unaurefusha wenzo unaoikunja ile shafti yenye kazi mbili. Gari tupu halitajali sana. Gari lililobeba karibu mara mbili ya tani moja ambayo pikapu kama hiyo imeundiwa litajali kila tairi linapozunguka, na tairi huzunguka zaidi ya mara 400 kwa kilomita. Safari moja ya kupanda Bugarama na kurudi ni kama mara 30,000.

Kwa hiyo hakuna neno la uongo lililoandikwa, na tairi lilitoka. Hapa ndipo inabidi tuulize ushauri ni kitu cha aina gani. Nikisema "mvua imenyesha", kauli yangu inadai mvua tu. Nikikwambia "panda mahindi sasa", nimeingiza mvua, udongo, mbegu, na wewe mwenyewe: una shamba wapi, una nguvu za kupalilia, una akiba ikishindikana? Ushauri hubeba masharti ambayo hayakutamkwa, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui kwamba ameyabeba. Mwandishi wa lile jarida hakuficha neno "tupu". Magari yote aliyoyajua yalikuwa matupu, kwa hiyo utupu haukumjia kichwani kama sharti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kitanda unacholalia kila siku, nacho unasahau kukitaja.

Kiswahili kina neno ambalo naona linatusaidia hapa kuliko maneno mengi ya wanafalsafa. Tunasema jibu ni sahihi, tukimaanisha halina kosa. Tunasema pia mtu ametia sahihi, tukimaanisha ameandika jina lake chini ya maneno na sasa anaweza kutafutwa. Lugha imeziweka maana hizo mbili katika neno moja, nami sioni kwamba ni bahati tu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume nao hulitumia neno hilo hilo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wenzake hawakuridhika na uzuri wa maneno. Walimfuata kila mpokezi kwenye mnyororo, wakauliza kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzima, kama kweli aliwahi kukutana na yule anayesema alimsikia. Ng'ambo ya mto Ntahangwa, kule Buyenzi, wapo vijana wanaosomeshwa elimu hiyo hadi leo, na baadhi yao mchana wanashika spana. Lile jarida lilikuwa na mnyororo mfupi na safi: mwandishi alifunga spesa mwenyewe, akaendesha mwenyewe, akaandika jina lake. Upokezi haukuwa na doa. Kilichokosekana ni kingine.

Tunaweza basi kusema tuachane na majarida, tumwulize fundi, kwa kuwa yeye ameshika kipande kilichovunjika? Hapo ndipo lilipo kosa la yule mzee ninayemheshimu. Alizungumza kana kwamba yeye ndiye husema na magari yetu, na kwamba kushika kipande kunatosha.

Lakini kushika kipande kumewahi kuwapotosha wengi. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini huko Meudon; watu zaidi ya 50 walikufa, wengi wao kwa moto. Wahandisi waliviokota vipande, wakaviona kwa macho yao, na wengi wakaafikiana kwamba chuma kile kilikuwa kimegeuka ndani kwa sababu ya mtikisiko, kikawa fuwele, ndiyo maana kikavunjika kwa chembechembe. Waliziona chembechembe kweli, ila maana waliyoipa ilikuwa ya uongo. Mskoti William Rankine aliandika mwaka 1843 kwamba ufa huanzia pembeni, pale ekseli inapobadilika unene, kisha huingia ndani kidogo kidogo huku chuma kilichobaki kikiwa kizima. Hata hivyo dhana ya fuwele iliendelea kuishi kwa miaka mingi. Ilibidi August Wöhler, aliyekuwa mhandisi wa reli Ujerumani, aunde mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo uliopimwa, maelfu na mamilioni ya mizunguko, na kutoa matokeo yake hadi mwaka 1870, ndipo ikaeleweka kwamba chuma huuawa na mzigo mdogo unaorudiarudia, mzigo ambao kwa mara moja kingeubeba bila shida. Ile mistari ya maji kupwa kwenye shafti ya jirani yangu ndiyo maandishi ya kurudiarudia huko. Fundi wa Ngagara anaisoma bila kulijua jina la Wöhler, lakini anaisoma kwa sababu Wöhler alisumbuka, na mtu akamfundisha mtu hadi ikamfikia yeye.

Fundi ana upofu wake pia. Kwake huletwa zilizovunjika. Pikapu iliyofungwa spesa na haijavunjika miaka kumi haipiti getini kwake, kwa hiyo haimo katika hesabu zake. Mwandishi wa jarida naye huyaona magari yakiwa mapya, siku chache, kisha huyarudisha kwa mwenyewe. Mmoja anaona mwanzo wa kila gari, mwingine anaona mwisho wa baadhi. Kila mmoja ni mkweli ndani ya dirisha lake.

Baada ya kuwaza hayo nimefika kwenye swali moja ambalo sasa naliuliza kila ninapopewa ushauri: huyu akikosea, habari itamrudia? Mwandishi wa Ulaya angeweza kuandika juu ya spesa miaka 20 bila kusikia kwamba tairi limetoka karibu na Kamenge. Hiyo haimfanyi mwongo. Inaufanya ujuzi wake usimame ulipo, kwa sababu kosa ambalo halirudi kwa mwenyewe haliwezi kurekebishwa. Wöhler aliijenga njia ya kurudi ndani ya chumba chake cha majaribio. Mashine ndiyo iliyomwambia amekosea. Fundi anayo njia hiyo kwa nusu, kwa kuwa akifunga vibaya, gari hurudi kwake na mwenye gari amekasirika. Ndiyo maana namwamini zaidi kuliko jarida, ingawa simwamini yote. Akili za kuambiwa changanya na zako, tunasema. Lakini zako nazo zimetoka wapi, kama si kwa kuambiwa na kwa kukosea?

Hata nambari za serikali zinahitaji swali hilo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa mizigo inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na hadi tani 56 kwa gari zima. Nimewasikia madereva wakizitaja kana kwamba ni cheti cha afya ya ekseli. Nambari hizo ziliwekwa kuilinda lami. Ukizitumia kuulizia uzima wa chuma chako, umemwuliza shahidi jambo asiloliona.

Na barabara yetu ina mengi ambayo mashahidi wa mbali hawakuyaona. Njia ya Taifa namba 1 hupanda kutoka usawa wa Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu, hadi zaidi ya mita 2,000 huko Bugarama, kwa kilomita kama 35. Malori yanayopanda huburuta vijana wa baiskeli walioshikilia nyuma kwa mkono mmoja. Mafuta yamekuwa adimu miaka hii, na mtu aliyelala kwenye foleni ya kituo hawezi kupanda mlima akarudi na nusu ya mzigo. Jirani yangu hakuzidisha kilo kwa ujinga; alizidisha kwa sababu safari moja ililazimika kulipia siku tatu za kusubiri. Sharti hilo nalo limo ndani ya ekseli yake, na hakuna wa kulijua isipokuwa yeye.

Niliomba lile jarida. Nikaufungua ukurasa wa spesa, fundi akanisomea vipimo, jirani akanitajia mzigo, nami nikaandika pembeni kwa kalamu: aina ya gari, unene wa spesa, kilo alizozoea kubeba, barabara, miezi, mahali ufa ulipoanzia. Wote watatu tukatia sahihi. Anwani ya jarida ilikuwa ukurasa wa mbele, na tumewaandikia. Jibu halijaja.

Nawe unayesoma, ukivunjikiwa na shafti, usiipeleke kwa wanunua vyuma chakavu siku hiyo hiyo. Ifunge kwenye kitambaa, ziandike kilo za kweli ulizobeba, hata kama zinakuaibisha, kisha umpelekee aliyekushauri.