Nani Alitoa Siri ya Jumatano?

Maandiko ya kusoma: Yakobo 5:16, 1 Wakorintho 14:23-25, Matendo 9:26-27

Wiki hii nimeombwa niandike juu ya swali ambalo limetusumbua katika ushirika wetu wa nyumbani. Vile vikundi vyetu vya Jumatano, tunavyokaa watu kumi au kumi na wawili sebuleni kwa mtu na kuambiana ukweli wa maisha yetu, je, tuvifungulie watu wa nje? Kwa watu wa nje namaanisha jirani ambaye si mshirika wa kanisa letu, na pengine hata hajaokoka.

Swali lilianza na mama mmoja anayeuza mboga langoni mwa ploti. Kila Jumatano jioni alikuwa anatusikia tukiimba. Siku moja akamwuliza mwenyeji wetu, "Mama, naweza kuja kukaa tu na nyinyi? Sitasumbua." Mwenyeji akaleta neno hilo kwa kikundi. Wengine wakasema karibu. Wengine wakasema ibada ya Jumapili iko wazi kwa kila mtu, basi aje huko. Jumatano ni ya familia.

Wacha niseme ukweli: mimi nilikuwa upande wa kukataa, tena kwa sauti. Nilisema mgeni hana agano na sisi; atasikia mambo ya watu leo, na kesho yatakuwa sokoni. Na andiko nilikuwa nalo, Wagalatia 2:4, pale Paulo anapozungumzia watu waliopenya ndani ili kupeleleza uhuru wa waumini. Nikaketi nikijua nimemaliza maneno.

Ndipo dada mmoja akasema polepole, "Wapendwa, mimi habari zangu hazikutolewa nje na mgeni." Akanyamaza. Hakuniangalia, na hakuhitaji kuniangalia.

Miaka mitatu iliyopita dada huyo alituambia Jumatano moja kwamba ana deni la kodi ya nyumba ya miezi minne. Kaka yake alikuwa ameahidi kumtumia pesa mwisho wa mwezi, na yeye alikuwa anaomba tu Mungu ampe hizo siku chache kabla landilodi hajachukua hatua. Tuliomba kwa machozi. Siku ya pili nikampigia simu rafiki yangu, mtu aliyeokoka kabisa, nikamwambia yote. Sikuita udaku. Niliita ombi la maombi. Rafiki yangu naye akamshirikisha mumewe, na mumewe anafahamiana na keateka wa ile ploti. Jumamosi dada alirudi kutoka kazini akapata kufuli la pili juu ya kufuli lake, na watoto wamekaa nje na sare za shule. Nilimwendea, nikaungama, akanisamehe. Lakini tangu siku hiyo, Jumatano ikifika na tukiulizwa mahitaji, yeye husema, "Niombeeni tu afya."

Sasa niambieni, ukuta niliotaka kujenga dhidi ya muuza mboga ungemsaidia vipi dada huyu? Mimi ningekuwa ndani ya ukuta.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena andiko langu. Wale watu wa Wagalatia Paulo hawaiti wageni. Anawaita ndugu wa uongo. Waliketi na jina la ndugu. Kisha nikasoma 1 Wakorintho 14. Pale Paulo anachukulia kwamba mtu asiyeamini anaweza kuingia kusanyiko likiendelea, na hasemi afukuzwe. Anachotaka ni mambo yafanyike kwa namna ambayo mtu huyo ataguswa. Na angalieni ni siri za nani zinazofunuliwa mahali hapo: ni siri za moyo wa huyo mgeni mwenyewe. Anatoka akiwa amejiona yeye. Hatoki na habari za mama fulani.

Kwa hiyo nikaanza kuona kwamba tulikuwa tumeuliza swali moja mahali ambapo kuna maswali mawili. La kwanza ni nani aingie. La pili ni nini kitoke. Sisi tulikuwa tunajibu la pili kwa kufunga mlango wa la kwanza, na huku maneno yalikuwa yanatoka kila wiki kwa simu za washirika.

Lakini mpendwa mmoja ataniuliza, "Kwa hivyo yeyote aingie tu?" Hapana. Mwaka jana kuna mtu wa mradi fulani aliyetaka kukaa nasi aandike visa vyetu ili awaonyeshe wafadhili. Tulimkataa, na bado nasema tulifanya vyema. Yakobo anasema tuungame sisi kwa sisi na kuombeana, yaani kila mtu pale ni mgonjwa na kila mtu pale ni mwombaji. Yule bwana hakuja na mzigo wake. Alikuja kuchukua yetu. Hata serikali inaelewa jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Muuza mboga ni tofauti. Yeye ana mzigo, ndiyo maana anasimama dirishani.

Pia si sisi wa kwanza kuhangaika na jambo hili. John Wesley na wenzake kule Uingereza walianza vikundi vya namna hii mjini Bristol mwaka 1742, watu kama kumi na wawili na kiongozi wao. Sharti la kujiunga lilikuwa moja tu: mtu awe na hamu ya kuokolewa na dhambi zake. Kuhusu wageni, waliweka utaratibu ambao umenifundisha sana. Mkutano mmoja wa washirika mgeni haruhusiwi, unaofuata anaruhusiwa. Na mgeni yule yule asikaribishwe zaidi ya mara mbili au tatu. Baada ya hapo aamue, aingie au aende zake. Na kwa mambo mazito ya moyo walikuwa na vikundi vidogo zaidi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Hawakufunga nyumba, na hawakuacha kila chumba wazi.

Natambua kuna gharama. Kuna ndugu anayepigana na ulevi ambaye hatasema neno akiona uso mgeni. Kimya chake nacho kinaweza kumuua. Anayesema "fungueni tu, Mungu atalinda" hajawahi kukaa na mtu kama huyo. Ndiyo maana mlango hauwezi kuwa wa aina moja kwa mambo yote.

Tulikubaliana hivi. Saa ya kwanza, ya nyimbo, Neno na maombi, jirani anakaribishwa, ila aje na mshirika anayemjua, kama vile Barnaba alivyomchukua Sauli wakati wanafunzi wa Yerusalemu walikuwa wanamwogopa. Saa ya pili tunagawanyika watatu watatu, na mgeni haingii huko hadi aseme mwenyewe kwamba anataka kuwa mmoja wetu. Simu zinakaa mezani. Na hili ndilo la kwanza kwa uzito: hakuna mtu kubeba jambo la mwenzake kwenda nje, hata kama ombi la maombi, bila mwenyewe kusema ndiyo. Sheria hiyo inaanza na mimi. Niliomba isomwe nikiwa nimesimama.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa kitamu. Washirika wawili wameacha kuja. Wanasema Jumatano si ile tena. Nawaelewa, na nimewatembelea. Mama wa mboga amekuja mara tatu. Bado hajasema lililo moyoni mwake. Anaketi karibu na mlango na kuimba kwa sauti ndogo. Jumatano iliyopita yule dada alisogea akaketi kando yake. Walipofika wakati wa mahitaji, dada alifungua mdomo, akasema, "Kuna jambo juu ya mtoto wangu wa pili, lakini nitalisema saa ya pili." Sijamsikia akisema hivyo kwa miaka mitatu.

Mpendwa unayesoma, kabla ya kikundi chako kupiga kura juu ya wageni, fungua simu yako uangalie ulichotuma wiki hii. Ni habari ya nani? Alikuruhusu?

Tuombe: Bwana, utufundishe kufungua mlango na kufunga mdomo, kila kimoja kwa wakati wake. Wale tuliowaumiza kwa jina la maombi, utupe neema ya kuwaendea. Katika jina la Yesu, amina.