Mwezi, Maji na Sheria ya Mwumba



Ninyi wa Swima mwaujua mwezi. Ukiwa mpevu, wavuvi wa ndagala huacha mitumbwi ufukoni, kwa maana taa zao haziwezi kushindana na mwanga wake. Mwezi huo huo una kazi nyingine mbali na hapa, katika Bahari ya Hindi.

Huko Unguja, kwa muda wa saa 24 na dakika 50, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Nani huyaamuru? Si jini wala mzimu. Mwezi huyavuta. Maji yaliyo upande wake huvutwa kuliko dunia yenyewe, nayo huinuka. Yale ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia, hubaki nyuma, nayo huinuka vilevile. Dunia ikizunguka, kila pwani hupita penye miinuko hiyo miwili. Jua nalo huvuta. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, nguvu zao huungana, na maji huweza kupanda mita 4 hivi. Watu wa pwani huyaita bamvua.

Ziwa letu Tanganyika nalo huvutwa, lakini ni dogo mno mbele ya bahari, hata jicho halioni kitu. Maji yake huongezwa na mvua na mito. Hupunguzwa na jua na mto Lukuga, utokao penye Kalemie. Mwaka 2024 ziwa liliingia katika nyumba za Uvira na Kalemie. Sababu ni mvua nyingi.

Lakini maji yapandapo, pengine ulimi humtaja mama mjane, mzee asiye na mtetezi, ya kuwa ndiye aliyeyaleta kwa uchawi. Ndugu, ulimi huo wavunja amri ya nane, nao wafungua mlango wa kuvunja ya tano. Ukisikia neno hilo, usilipokee. Simama karibu na mama huyo.

Pasaka huja Dominika baada ya mwezi mpevu. Katika kesha lake mtaulizwa: Je, wamkataa Shetani? Bahari humtii Mwumba bila kujua, wala haiwezi kukataa. Wewe waweza. Kwa hiyo jibu lako ni kubwa kuliko bamvua. Usilitoe usiku kisimani pa Ubatizo, na kulipokonya asubuhi mlangoni pa jirani.