Suali Kutoka Nambale: Yajuzu Kumpima Mtu Pasi na Kumwambia?

Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja mfanyi biashara, mtu wa Pwani aliyefanya makazi yake Nambale, katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Asema kwamba alijiwa dukani na kijana mwenye adabu, mkononi ana kompyuta kibao, akamwuliza huweka akiba kiasi gani, hulala saa ngapi, huzuni humjia mara ngapi kwa juma, na lau angepewa fedha kidogo leo au nyingi mwezi ujao angechagua zipi. Baada ya siku chache jirani yake akaletewa sanduku la bati la kuwekea akiba. Yeye hakuletewa kitu. Alipouliza sababu, akaambiwa: ni kura. Basi atuuliza: je, yajuzu kujibu masuali ya namna hiyo? Na kuwapigia watu kura, huyu apate na yule akose, ili utazamwe mwendo wao, si dhulma?

Suali hili halikuzuka Nambale kwa bahati. Busia imekuwa darasa la wataalamu wa mambo haya kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1998 ilianzwa kazi ya kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye watoto zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa mafungu matatu: fungu la kwanza likaanza kupata dawa mwaka huo, la pili mwaka 1999, na la tatu likangoja mpaka mwaka 2001. Ikaonekana kwamba utoro ulipungua kiasi cha robo, ijapokuwa alama za mitihani hazikupanda. Michael Kremer, mmoja wa walioiongoza kazi hiyo, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Wako wasemao kwamba kuwangojesha watoto wa fungu la tatu kulikuwa haramu tangu asili. Sisi hatuthubutu kusema hivyo. Kitu kisipowatosha wote, na haki za watu zikiwa sawa, dini yetu yaijua kura: ilipigwa kwa ajili ya ulezi wa Bibi Maryamu ikamwangukia Nabii Zakariya, na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwapigia wakeze kura atakapo kusafiri. Hiyo si kamari, kwani hapana aliyeweka mali yake. Wala kulinganisha kundi na kundi si jambo lililozuliwa Ulaya. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliwatoa damu kundi la wagonjwa waliokuwa na dalili za uvimbe wa utando wa ubongo, na kundi jingine akaliacha kwa kusudi, apate kujua. Leo hapana daktari atibuye maradhi hayo kwa kutoa damu. Yumkini basi wale walioachwa ndio waliosalimika na udhia wa bure! Kwa hivyo aliyekoseshwa sanduku la bati asikate hukumu upesi kwamba amenyimwa kheri. Huenda hata mwenye kuligawa hajui.

Lakini katika maneno yake hayo al-Razi hakutaja kwamba aliwauliza wagonjwa wake. Hapo ndipo lilipo suali letu.

Mwaka 2001 katika wilaya za Busia na Teso ulianzwa mpango wa kuwalipia karo wasichana wa darasa la sita watakaofaulu vizuri. Mwezi wa Juni wa mwaka huo radi ikapiga shule ya msingi ya Korisai, upande wa Teso, ikaua wanafunzi 7. Uvumi ukaenea kwamba msiba ule watoka kwa hao wageni na fedha zao, na shule kadhaa zikajitoa katika mpango. Radi ni amri ya Mwenyezi Mungu, haina uhusiano na karo. Na sisi wa Pwani tusiwacheke Wateso: nani katika sisi hakutishwa utotoni kwa mumiani? Mtu ambaye hakuelezwa anapimwa kwa nini atajieleza mwenyewe, na atajieleza kwa hofu aliyo nayo.

Tena hofu hiyo haikuwa bila ya sababu katika nchi hii. Mwaka 1934 daktari F. W. Vint wa Nairobi alitangaza vipimo vya ubongo wa Waafrika 100 waliokufa, akavilinganisha na vipimo vya Ulaya ambavyo hakuvipima yeye, akasema gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba zaidi. Maiti hana ulimi wa kukataa, na Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mfupa wa maiti una hurumu kama wa aliye hai. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, akaandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtaka aeleze habari za Mau Mau, naye akaitafuta sababu katika nafsi za watu. Hesabu mbovu ilizaa hukumu mbovu, na waliohukumiwa hawakuwa na pa kujibu.

Mtaalamu aweza kutwambia: mtu akijua anatazamwa hubadili mwendo, na kipimo huharibika. Neno hili lina ukweli, wala hatulitupi. Lakini kumficha mtu kile unachotarajia kukiona, mpaka kazi ishe, ni jambo moja. Kumficha kwamba unamtazama ni jambo jingine. La kwanza twalivumilia, kwa sharti aelezwe baadaye. La pili ni upelelezi uliokatazwa katika Sura ya al-Hujurat, na wema wa nia hauuhalalishi. Akiba ya mtu na huzuni yake ni siri ya nyumba. Akikupa kwa ridhaa imekuwa amana, ukiichukua kwa hila umeiba.

Basi tumemjibu ndugu yetu kwamba kujibu yajuzu, na kukataa yajuzu pia, wala asione haya katika lolote. Kijana yule akirudi amkaribishe kahawa, kisha amwombe kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambacho sheria ya mwaka 2013 yamlazimu mtafiti awe nacho. Amwulize majibu yake yatahifadhiwa wapi, nani atayasoma, na kama waliokoseshwa watapewa sanduku pindi likionekana lina faida. Na amwulize ni lini wataalamu watarudi Nambale kuwasomea watu, kwa lugha waijuayo, walichokiona kwao. Tunangoja barua yake ya pili.