Ng'ombe Ana Pa Kwenda?

Swali langu ni dogo, hata linaweza kukuchekesha: ukijua leo hakuna mtu atakayekuona, utajipaka mafuta?

Julai ile niliyoacha chuo, jibu langu lilikuwa hapana. Nilijifungia kwenye bedsita, nikiandika maelezo ya bidhaa za duka moja la vipodozi mtandaoni. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia wanawake wajipende msimu wa baridi. Mwandishi naye alikuwa amepauka kutoka magotini hadi vidoleni, na nywele zilikuwa wiki ya tatu chini ya kofia bila kuona kitana. Kwani nani angejua? Suruali ndefu, soksi, laptopu.

Sikulelewa hivyo. Mama hangekuruhusu utoke langoni na miguu mikavu. "Unataka watu waseme huna mwenyewe?" Losheni ikiisha tulikata chupa kwa kisu, tukakwangua ndani kwa kidole. Kwa hivyo mafuta yalikuwa ya watu. Miguu yetu iliwaambia majirani kwamba kwetu mambo ni sawa, hata miezi ambayo hayakuwa sawa kabisa.

Siku hizi tunaambiwa kinyume. Jipake kwa ajili yako. Unastahili. Hilo neno "unastahili" nimeliandika mara nyingi sana, nikilipwa, na nimegundua shida yake. Likishaingia, linamwita ndugu yake: na nisipostahili je? Mama alikuwa amelipa karo ya miaka miwili na nusu, na yote ilienda na maji. Mtu kama huyo anastahili nini? Nilianza kuoga siku ambazo nimemaliza kazi tu, kama zawadi. Siku ambazo sijamaliza, siogi. Nilidhani hiyo ni nidhamu.

Shosho yangu anaishi Limuru. Julai huko ukungu unaweza kukaa hadi saa tano asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nilienda nikiogopa maswali ya chuo. Hakuuliza. Aliangalia mikono yangu, akaweka maji motoni, akayatoa yakiwa vuguvugu. Yakiwa moto sana, alisema, yanakuvua mafuta yako mwenyewe. Nikanawa miguu, na kabla sijajikausha vizuri akaleta kikopo cha Arimis, yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo sisi binadamu tuliyateka zamani.

Kuhusu maji yale alikuwa sahihi. Mafuta mazito ya namna hiyo hayaipi ngozi maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoroke. Ndiyo maana unapaka ngozi ikiwa bado na unyevu. (Mimi nilikuwa nimeandika ati "yanainywesha ngozi yako". Nililipwa pia kwa hiyo.)

Kisha akaniketisha kati ya magoti yake, akanitoa kofia. Akaguna. Akaanza kufumua kutoka kwenye ncha, fungu kwa fungu, akipanda polepole kuelekea kichwani, maana ukianzia kwenye mizizi unakokota mafundo yote pamoja na nywele zinakatika. Vidole vyake vimechuma majani chai miaka mingi. Vilikuwa baridi shingoni mwangu.

"Lakini shosho, sina pa kwenda," nikasema.

"Na ng'ombe ana pa kwenda? Chuchu zikipasuka nazipaka."

Nimebeba jibu hilo mwaka mzima. Halikuwa na "unastahili" ndani yake, wala majirani. Ngozi imepasuka, mafuta yapo. Ng'ombe hajafaulu mtihani wowote. Nilihisi kitu kikilegea kifuani, halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikaanza kubishana. Ng'ombe anapakwa kwa sababu ya maziwa, si ndiyo? Chuchu ikiuma anapiga teke na ndoo inamwagika. Hayo si mapenzi, ni biashara. Nikamuuliza: na asipokuwa na maziwa? Je, mimi maziwa yangu ni yapi?

Mikono yake ilisimama kidogo.

"Geuza kichwa, mami," akasema.

Sijarudi chuo. Baridi ilipita, mvua za vuli zikaja, halafu Januari na jua lake na vumbi, midomo ikapasuka upya. Sasa ni Julai tena. Jana usiku nilikuwa nadaiwa kazi mbili na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Hakuna aliyekuwa anakuja. Niliweka maji kwenye gesi, nikayatoa kabla hayajachemka.