Umeme Uliobaki

Juma lililopita nilimtembelea mzee mmoja wa usharika wetu, fundi redio tangu ujana wake. Nilimkuta sebuleni amekunja mikono ya shati, harufu ya risasi iliyoyeyuka imetanda chumba kizima. Anaunda amplifaya ya valvu kwa mikono yake, akifuata mchoro wa kampuni ya Mullard ya Uingereza wa mwaka 1954: valvu 5, wati 10. Akaiwasha nione. Kwa nusu dakika hivi hapakusikika kitu. Nyuzi ndani ya vile vichupa vya kioo zilikuwa zikipata moto taratibu, hadi zikawa na rangi ya kaa. Kisha kwaya ikaimba, na nikasikia hata pumzi za waimbaji kabla ya ubeti.

Alipoizima na kuchomoa plagi, nikanyoosha mkono kushika waya.

"Mchungaji, mkono!" Akanidaka kiwiko, akaweka mita. Mita ikapanda. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, lakini kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani, zilikuwa bado zimebeba umeme wa kumdhuru mtu vibaya, hata kumuua.

Je, nawe umewahi kuchomoa plagi namna hiyo? Kikao cha familia kimefungwa kwa sala, mmepeana mikono, watu wanakuona umetulia. Halafu mwenzako anagusa neno moja dogo la miaka mitatu iliyopita, na cheche zinaruka. Hata wewe unashangaa zimetoka wapi.

Nilimuuliza mzee kwa nini asigusanishe ncha mbili kwa bisibisi, umeme uishe mara moja. Wapo wanaofanya hivyo, akasema, lakini hupiga shoti, kapasita huharibika, na fundi anaweza kuumia. Yeye hufunga rezista juu ya kapasita, ikakaa hapo siku zote, ikipunguza umeme kidogo kidogo. Kapasita ikiwa ya mikrofaradi 100 na rezista ya kiloomu 220, volti 300 hushuka chini ya 30 kwa dakika moja hivi. Hakuna kishindo. Na bado hupima kabla ya kugusa.

Nimeipenda sana ile rezista. Wengi wetu tunangoja msamaha uje kwa siku moja kubwa ya machozi, na tusipolia tunadhani hatujasamehe. Mara nyingi ni kazi ndogo ya kila siku: kumtaja mtu huyo kwa jina katika sala ya alfajiri, kumwekea chai kama anavyoipenda, kulimeza lile neno lililokuja mdomoni. Paulo alipowasihi Waefeso wasilale na hasira, alijua kinachokesha ndani ya mtu.

Wala usijihukumu ukikuta bado kuna volti. Kapasita imeundwa ishike, na moyo uliopenda hushika zaidi.

Ni jina la nani ukilisikia, mita yako inapanda? Leo jioni msalimie. Salamu tu, bila kufukua ya zamani. Na kesho msalimie tena.